Shangazi, tusome nini baada ya vita?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni katibu wa kikundi cha kusoma vitabu hapa Columbus, Ohio. Tulianza watu kumi na mmoja, Waswahili kwa maana ya lugha: Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili wa Lubumbashi, na binti mmoja aliyezaliwa hukuhuku ambaye Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyumba kwa zamu. Tunasoma kwa Kiingereza, tunabishana kwa Kiswahili, chai na mandazi katikati. Sababu ilikuwa moja tu. Tunaishi nchi hii, wengine tumeshakula kiapo cha uraia, na watoto wanarudi na kazi za historia ambazo hatuwezi kuwasaidia. Tukasema basi, tuisome wenyewe.

Kitabu cha kwanza kilihusu mwaka 1776 na jeshi la George Washington. Kilikwenda vizuri. Cha pili kilikuwa maisha ya mmoja wa marais wa mwanzo, tukakimaliza, ingawa si wote. Cha tatu nilikichagua mimi, nacho ndicho kilichotuua: vita vya wenyewe kwa wenyewe, karibu kurasa 900. Tulikipa miezi mitatu, ikawa mitano. Mwezi uliopita walikuja watu sita. Kati ya hao sita, waliofika hadi kule Appomattox, vita vinapoishia, nadhani ni watatu, na mimi nilifika kwa sababu ya aibu tu.

Sasa tumekwama. Mzee wetu, mwalimu mstaafu, anataka kitabu cha Lincoln na baraza lake la mawaziri, nacho ni kinene vilevile. Binti anasema hataki tena rais wala jenerali. Anasema katika vitabu vitatu watumwa wametajwa kama hesabu ya mifugo. Kaka wa Lubumbashi anataka habari za wenyeji wa asili, maana anauliza hii ardhi yote inayopiganiwa ilikuwa ya nani. Dereva wetu wa trela hana neno, mradi kitabu kiwe na sauti ya kusikiliza njiani na kiwe na watu ndani yake. Na dada mmoja anayefanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee amesema wazi: historia hii si yetu, tuachane nayo tusome riwaya.

Nilipiga kura kwenye WhatsApp. Watu sita wakajibu: mbili, mbili, mbili. Mzee akaandika kwamba atakuja na kitabu chake kikao kijacho, tuanze. Kimya kikatanda. Sitaki kumvunjia heshima, ana umri wa baba yangu. Lakini nikiruhusu hilo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakuwa mimi, yeye na mandazi. Nifanyeje, na kitabu gani?

Katibu aliyechoka

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza nikupe pole ya kurasa 900. Mimi nimefanya kazi maktaba miaka mingi hapa Mombasa, na nimeona vikundi vya kusoma vikifa. Ugomvi huwa hauviui. Kinachoviua ni kitabu kinene kilichochaguliwa na mtu mwenye nia njema. Umeshajifunza, yaishe.

Ile kura yako ndiyo iliyonichekesha. Uliwauliza watu wachague jina la kitabu, na mtu akiulizwa hivyo husema kile alichokisikia kwa rafiki au alichokiona kimepewa tuzo. Ungewauliza swali jingine: tulipofunga kile cha mwisho, ni jambo gani lililobaki halina jibu? Naweka shilingi yangu mezani kwamba wote sita wangetaja jambo moja kwa maneno tofauti. Kitabu chenu kimekwisha Aprili 1865. Lee, jenerali wa kusini, amesalimu amri, Lincoln amepigwa risasi, na watu karibu milioni nne si watumwa tena. Haya, kesho yake asubuhi walikula nini? Walilala kwa nani? Shamba la nani? Nyinyi mmeondoka matangani kabla ya kusikia nani karithi, kisha mnashangaa kwa nini hamna raha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na silizungushi. Someni kipindi cha 1863 hadi 1877, kile Wamarekani wanachokiita Reconstruction, kuijenga upya nchi baada ya vita. Kitabu ni cha Eric Foner, A Short History of Reconstruction. Sikiliza hilo neno la pili. Foner aliandika kwanza kitabu kikubwa mwaka 1988, kisha yeye mwenyewe akakipunguza hadi takriban nusu, kikatoka 1990. Nyinyi chukueni hicho kifupi. Mtu akija na kile kikubwa ili aonekane msomi, mpeni kiti karibu na mlango.

Sisemi ni kitabu kitamu mwanzo hadi mwisho. Foner ni mwanahistoria wa kweli, anabanana na ushahidi, na sura za mabishano ya Bunge la Washington zinaweza kumlaza hata aliyekunywa kahawa. Zipiteni haraka, hakuna askari atakayekuja. Mahali pa kukaa ni pale penye ardhi.

Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa amri ya kutenga ukanda wa pwani ya South Carolina, Georgia na Florida kwa watu walioachwa huru, hadi ekari 40 kwa kila familia. Watu wapatao 40,000 wakaingia, wakalima. Kabla mwaka haujaisha, rais mpya, Andrew Johnson, akaamua mashamba yarudi kwa wenyewe wa zamani, yaani walewale waliopigana kuivunja nchi. Akatumwa Jenerali Oliver Otis Howard, mkuu wa ofisi ya serikali iliyoundwa kuwahudumia walioachwa huru, aende kisiwa cha Edisto kuwaambia watu ana kwa ana kwamba waafikiane na mabwana wao. Alikutana nao kanisani. Baadaye wakamwandikia barua, nayo ipo hadi leo, wakimweleza kwa adabu kali kwamba anawataka wamsamehe mtu aliyewachapa viboko ambaye sasa anashika tena ardhi waliyoitia jasho. Someni ukurasa huo kwa sauti. Halafu mwache kila mtu anyamaze kidogo kabla ya chai.

Na hapo ndipo nina jibu kwa dada wa shifti ya usiku anayesema historia hii si yenu. Mimi nakaa Mombasa. Zanzibar ilifuta hali ya utumwa kwa amri ya Aprili 1897, na mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, huku bwana akilipwa fidia. Huku kwetu pwani ya Kenya ikawa 1907. Washington, D.C. nako walifanya hivyohivyo Aprili 1862: mabwana walilipwa hadi dola 300 kwa kila mtu aliyeachwa huru. Aliyelimishwa bure maisha yake yote hakupewa shamba huko wala huku. Neno skwota, mkaaji wa ardhi asiyo na hati yake, tunalitumia hapa pwani mpaka leo, na kila anayelitumia anajua lina babu. Nikipita Kengeleni, pale Freretown, palipojengwa mwaka 1875 makazi ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, huwa nafikiria kwamba mwaka huohuo Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa, aliapishwa kuwa seneta wa Mississippi. Baada yake nchi hiyo haikumchagua seneta mwingine mweusi hadi Edward Brooke wa Massachusetts, 1966. Muulize dada yetu kama riwaya gani ingethubutu kuweka pengo la namna hiyo.

Kuna na jambo la nguo. Bibi zetu waliita kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi merikani. Hawakulitoa jina hewani. Marekani na Sayyid Said walitiliana mkataba wa biashara mwaka 1833, na kufika 1837 palikuwa na konseli wa Kimarekani Unguja, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Kitambaa kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini, kikaletwa kwetu, kikaingia bara na misafara, na kikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Pembe zikaenda Connecticut kuwa vibao vya piano. Kuna mji huko unaoitwa Ivoryton, jina lake ni pembe tupu. Vita vile vya kurasa 900 vilipofunga bandari za kusini, merikani ikaadimika sokoni kwetu na vitambaa vingine vikachukua nafasi yake. Sasa hiyo historia si yetu vipi? Bibi yangu alizikwa kwa sanda ya kitambaa cha namna hiyo.

Lakini nyinyi mna bahati nyingine ambayo mimi sina, nayo ni mahali mnapokaa. Kitabu hiki kimejaa watu wa Ohio. Sherman ni mzaliwa wa Lancaster, kusini mashariki mwa mji wenu. John Bingham wa Cadiz, mbunge wa Ohio, ndiye mwandishi mkuu wa ile sehemu ya Marekebisho ya 14 ya katiba, ya mwaka 1868, inayodai usawa mbele ya sheria. Na Rutherford Hayes, aliyezaliwa Delaware hapo kaskazini kwenu tu, alikuwa gavana wenu alipogombea urais 1876. Mpinzani wake, Tilden, alimshinda kwa kura za wananchi. Majimbo matatu ya kusini yakagombaniwa. Mwisho Hayes akapata kura 185 za wajumbe wanaomchagua rais dhidi ya 184. Kura moja. Akaingia madarakani, na Aprili 1877 wanajeshi waliokuwa wakizilinda serikali za South Carolina na Louisiana wakaondolewa. Hapo kipindi kikafungwa. Mnaweza kwenda na gari mkauone mji wake, mkarudi kabla ya adhuhuri. Kama dereva wenu ana moyo, aendeshe yeye.

Binti aliyezaliwa huko mwambie asome Marekebisho hayo ya 14 kabla ya kila mtu. Sentensi yake ya kwanza ndiyo iliyomfanya yeye kuwa raia siku aliyozaliwa. Iliandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa watumwa, na mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikaamua katika kesi ya Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco wa wazazi Wachina, kwamba inamhusu na mtoto wa mgeni. Binti alilalamika kwamba watumwa wanahesabiwa kama mifugo. Ana haki. Humu atakutana nao wakipiga kura, wakifungua shule, wakiapishwa. Atakutana na Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa akiongoza meli Charleston. Usiku wa kuamkia 13 Mei 1862, mabwana wakiwa nchi kavu, alivaa kofia ya nahodha, akapitisha meli ya Planter mbele ya mizinga ya kusini akitoa ishara zote sahihi, mkewe na watoto wakiwa ndani, akaikabidhi kwa jeshi la kaskazini. Baadaye akawa mbunge, na akainunua nyumba ya bwana wake Beaufort. Hicho ndicho kipande cha dereva wa trela. Asikilizapo barabarani, apunguze mwendo.

Atakutana vilevile na mauaji. Colfax, Louisiana, Jumapili ya Pasaka 1873, ni pagumu. Watangazieni mapema, maana kuna mtu anatoka kazini asubuhi amechoka na hataki kushtukizwa.

Kaka wa Lubumbashi ana swali zuri kuliko yenu yote, na msimpe la mwisho kama mabaki ya pilau. Mwambieni kitabu kinachofuata ni chake: Bury My Heart at Wounded Knee cha Dee Brown, cha 1970. Kinakwenda miaka ileile, 1860 hadi 1890, upande wa magharibi. Sababu ya kukiweka cha pili ni mtu mmoja. Yule Jenerali Howard wa Edisto, aliyewaonea huruma watu weusi na ambaye Chuo Kikuu cha Howard kina jina lake, ndiye mwaka 1877 aliyewafukuza Wanez Perce, wenyeji wa asili, wa Chief Joseph, wanawake na watoto wakiwemo, zaidi ya maili elfu moja, hadi wakakamatwa Montana karibu kabisa na mpaka wa Kanada. Mwaka uleule Hayes anaondoa askari kusini. Mtu mmoja, koti moja la kijeshi. Mkikisoma cha Brown peke yake mtamwona mkatili. Mkikisoma cha Foner peke yake mtamwona mcha Mungu. Kaka yetu atakuwa na kazi ya kutuambia alikuwa nani, na mimi ningelipa nauli kuja kumsikiliza.

Mtu atakupendekezea The Warmth of Other Suns cha Isabel Wilkerson, habari za watu weusi wapatao milioni sita waliohama kusini kati ya 1915 na 1970. Ni kizuri mno, kinafuata maisha ya watu watatu kama hadithi, na kwa nyinyi mliohama wenyewe kitawachoma. Kiwekeni kwa sasa. Kina zaidi ya kurasa 600 na nyinyi bado mna malengelenge. Isitoshe, mkikianza bila kujua kilichovunjika 1877, hamtaelewa watu wale walikuwa wanakimbia nini.

Sasa Mzee.

Kosa lako, mwanangu, ni kumpinga mtu mzima mbele ya watu, tena kwa kura ya simu. Unajua adabu zetu. Alipoona mbili-mbili-mbili alisoma kwamba ameaibishwa, akafanya wafanyavyo wazee: akaamua. Usimjibu kwenye WhatsApp hata kwa alama ya kidole. Nenda kwake siku ya katikati ya wiki, ukae na mama pia, unywe unachopewa. Usianze na kitabu. Mwisho wa maongezi mwambie una tatizo ambalo mwalimu peke yake analiweza: kuna marekebisho matatu ya katiba, la 13, 14 na 15, ya 1865, 1868 na 1870, na kikundi kinahitaji yawe kwa Kiswahili. La 13 na la 15 ni sentensi mbili mbili tu. Atafikiri ni kazi ya nusu saa. Halafu atafika pale katika la 13 panaposema utumwa umekoma isipokuwa kama adhabu ya kosa, na ataanza kujiuliza ataitafsiri vipi bila kutetemeka, maana majimbo ya kusini yalilitumia neno hilohilo, “isipokuwa”, kuwakamata watu weusi kwa uzururaji na kuwakodisha kwa wenye mashamba na migodi. Nakuhakikishia atakupigia simu usiku. Na Lincoln wake hatapotea: la 13 yeye ndiye aliyelisukuma Bungeni kabla hajauawa, na kikao cha kwanza Mzee aanze na hapo. Dakika ishirini. Mpe saa uishike wewe.

Kwa taratibu: kitabu hiki kigaweni vikao viwili, mkikate pale mnapoona kila mtu anaweza kufika, si pale anapofika msomaji mwepesi. Aliyeshindwa kumaliza aje, aulize, asijieleze. Kabla ya kukubaliana, hakikisha kuna nakala ya kusikiliza, dereva asibaki peke yake. Nenda maktaba yenu ya umma. Nyingi huko Marekani huazimisha nakala kadhaa kwa mkupuo kwa vikundi kama chenu, na zisipokuwa nazo huziagiza kutoka maktaba nyingine. Usinunue hata moja kabla ya kuuliza. Na kikao hiki kijacho, badala ya kura, mpe kila mmoja achague ukurasa mmoja wa kitabu anachokitaka na ausome kwa sauti. Watu wakisikia ukurasa, wengi hubadili neno lao wenyewe bila kusukumwa.

Nikisahau: wale watano walioacha kuja, usiwaandikie ujumbe wa jumla. Wapigie mmoja mmoja, uwaambie kitabu ni kifupi na kikao ni kwa Mzee. Yule wa zamu ya kupika mandazi aongeze unga.

Shangazi, Mombasa